Ngamia wa Halima na Pesa ya Nchi Isiyo na Benki

Niliondoka Garissa kwa sababu Mzee Hassan hakutaka kunipa binti yake Halima kwa ahadi. Alitaka ngamia jike mwenye maziwa, tena amwone kwa macho. Ngamia wa bei nafuu walikuwa Liboi, mpakani. Watu wa ng'ambo waliwaleta kwa wingi tangu serikali ya Mogadishu ianguke.

Kaka yangu Bashir, dereva wa shirika moja la misaada, alinishauri nibadili akiba yangu yote iwe dola. "Shilingi ya Somalia imekufa na serikali yake," alisema, kama mtu aliyehudhuria mazishi. Nikamwamini. Alikuwa na miwani ya jua.

Alfajiri nilipanda lori la unga, askari wa kusindikiza wakitutangulia na kutuachia vumbi lote. Dadaab tulilala. Kesho yake nikaingia sokoni Liboi, na hapo nikamwona: jike mweupe, maziwa tele, uso wa dharau. Mwenyewe alikuwa mama wa makamo aitwaye Dahabo. Tukapatana bei, nikatoa dola.

Akaigeuza noti. "Huyu mzee ni nani?"

"Mkubwa wa zamani wa Wamarekani."

"Iko hai?"

"Alikufa kitambo. Lakini mama, shilingi yenu ndiyo imekufa. Serikali hamna."

"Serikali imekufa, besa iko hai. Wewe ndiyo naniletea maiti." Wachungaji wakacheka. "Kesho mimi nanunua sukari. Mwenye duka atarudisha jenji gani kwa hii? Hata ya Kenya ningechukua."

Wakati huo mnunuzi mwingine alikuwa ameshashika kamba ya ngamia wangu. Aibu ikanitoka.

"Eedo," nilimwita, kama shangazi yangu, "huyu ni mahari. Nikirudi mikono mitupu, Halima ataolewa na mwingine."

Dahabo alinitazama, kisha akamnyang'anya yule mtu kamba. "Enda kwa wanawake wa kubadilisha besa. Nakungoja mbaka adhuhuri."

Wanawake hao waliipokea dola yangu, kwani matajiri waliitafuta wakaagizie bidhaa Dubai. Walinikamua vizuri. Nikarudi mbio na gunia la noti kuukuu zenye harufu ya dizeli, nyingine zimeungwa kwa gundi. Dahabo alizipokea kama zimetoka benki asubuhi ile.

"Allah akubariki," alisema. "Na huyo msichana abewe subira."

Kurudi Garissa ngamia alipiga magoti kwenye lori, akanitemea mate njia nzima. Mzee Hassan alimkagua meno na kiwele, akatikisa kichwa kukubali, asiulize alilipiwa kwa pesa gani.

Baada ya harusi Bashir alikuja kututembelea. Halima akampa maziwa.

"Ni kweli kule wameiacha dola?" Bashir aliniuliza.

Nilimwambia mambo ya nchi siyajui. Matajiri bado wanaililia. Nilichojifunza ni kwamba pesa huishi maadamu yuko mtu atakayeipokea kesho.

"Ile shilingi yako iliyokufa," nikamwambia, "ndiyo unayoinywa."