Yahaya, Askari Aliyeigiza Woga

Yahaya alifariki Jumatatu baada ya swala ya alfajiri, na kabla jua halijawa kali Dodoma nzima ilikuwa imeshapata habari. Dodoma nzima, lakini msidhani ni watu wengi. Ulikuwa mwaka wa pili tangu reli ifike, na mji wenyewe ulikuwa boma la Wajerumani, stesheni, maduka machache, na tembe zilizotawanyika vumbini. Ila wote waliokuwepo walimjua, kwa sababu wote alikuwa amewachekesha.

Mkewe, Kuluthumu, hakulia. Aliwaambia wanawake wapashe maji, akatoa sanda sandukuni, akajibu kila pole aliyopewa. Watu wakamsifu, wakasema huyo ndiye mke wa askari.

Na hilo ndilo jina alilolitaka maisha yake yote. Alipoolewa kwao Kondoa, Yahaya alikuwa askari kweli kweli, Mgogo mrefu aliyesilimu jeshini, vifungo vya shaba vinang'aa kifuani, na wasichana wenzake Kuluthumu walimwonea wivu hadi wakakosa adabu. Kisha goti lililopigwa risasi katika vita vya Uheheni likakataa kupona sawasawa. Akaachishwa kazi, wakahamia Dodoma kulima uwele. Hapo ndipo aibu ilipoanza, kwa jinsi Kuluthumu alivyoyaona mambo.

Kila mwaka baada ya mavuno, ngoma ikishakolea, Yahaya aliingia uwanjani na chungu kichwani badala ya kofia, mchi begani badala ya bunduki. Alijiamrisha kwa Kijerumani ambacho Mjerumani yeyote angekikana. Akiambiwa kulia, aligeuka kushoto. Halafu vita vikaanza: alisikia jani limeanguka, akatupa mchi, akatimua mbio na goti lake bovu kuzunguka uwanja, akimwita mama yake kwa mayowe, hadi watu wakashika mbavu. Watoto walijifunza kuchechemea kwa kumwigiza. Walikuja watu kutoka Mvumi, mwendo wa siku nzima, kumwona mwoga huyo.

Kuluthumu hakwenda kutazama hata mara moja. Kule mtoni walikochimba visima mchangani, wanawake walipomuuliza kama mumewe hukimbia hata nyumbani, alijaza mtungi wake akaondoka. Mwaka mmoja uvumilivu ukamwishia.

"Bwana, kwa nini usiwaonyeshe ulivyopigana? Una kovu. Una barua ya bwana mkubwa inayosema ulikuwa hodari."

Yahaya alikuwa anashona kiatu. Hakuinua macho.

"Niliyoyafanya kweli hayachezeki, Kuluthumu. Tulichoma maghala ya watu, watu wakafa njaa. Nikiyacheza hayo, nani atacheka?"

Hakumwelewa. Au alimwelewa, ila alikuwa bado anavitaka vile vifungo.

Kwa hiyo siku ya msiba, shaush Zaidi, mkubwa wa askari pale bomani, alipokuja kusema kwamba vijana wake watapiga bunduki mara tatu kaburini, Kuluthumu aliona Mungu amemkumbuka. Shaush alikuwa na sharti moja tu.

"Mama, nisione mizaha ya watani. Huyu alikuwa askari. Azikwe kama askari."

"Hutaiona, bwana shaush," Kuluthumu akajibu.

Sasa, kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya mizaha siku ile, ni Kefa. Kefa alikuwa Mhehe, na Wagogo na Wahehe ni watani. Zamani waliuana, kisha wakakubaliana kutukanana. Kazi ya mtani msibani inajulikana. Huvaa nguo za marehemu, hutembea kama yeye, husema kama yeye, na wafiwa hucheka hata wasipotaka. Kefa alikuja Dodoma kubeba mataruma ya reli, akabatizwa Mvumi, na kwa miaka miwili haikupita siku bila yeye na Yahaya kutupiana maneno kwa mapenzi makubwa. Alifika msibani mbio, amejipaka majivu usoni, yuko tayari. Kuluthumu akamtuma mtu amwambie akae kimya kama wengine. Kefa akamsikiliza yule mtu mpaka mwisho, akajipangusa majivu, akakaa.

Bunduki zikalia mara tatu. Mbuzi wakatawanyika. Askari wakageuka kwa pamoja wakarudi bomani, na hakuna aliyekosea hatua.

Siku mbili zilizofuata watu walikuja, wakakaa, wakatazama chini. Walizungumzia mvua. Walizungumzia ng'ombe aliyempotea mtu kule Kibakwe. Yahaya hawakumtaja, maana kila walichokijua juu yake kilikuwa cha kuchekesha, na kucheka kulikuwa kumekatazwa. Kuluthumu alikuwa amekaa eda, kwenye mkeka nyuma ya mlango, akitega sikio, akingoja mtu aseme lolote kuhusu mumewe. Akajaribu kumkumbuka mwenyewe, yule wa vifungo vya shaba. Hakuja. Akaona wazi kwamba amemzika askari fulani, mgeni, na kwamba matanga yakianuliwa watu watarudi kwao na Yahaya wake atakuwa amepotea kabisa.

Asubuhi ya siku ya tatu, siku ya kuanua matanga, akamwambia jirani yake Batuli, "Kamwambie Kefa aje acheze."

Batuli akatikisa kichwa. "Mtani haombwi, dada. Huja mwenyewe. Wewe ulipomzuia ulimfanya mgeni, na mgeni hawezi kumchezea marehemu."

"Sasa nifanye nini?"

"Mumeo angekuwa hapa, angemwambiaje Mhehe yule?"

Kuluthumu alijua vizuri angemwambiaje. Lakini yeye, mwanamke asiyewahi kumtolea mtu lugha mbaya, mjane wa siku tatu, mbele ya mwalimu aliyekuja kusoma hitima! Akajitanda kanga yake vizuri. Bila kuvuka kizingiti, akapaza sauti:

"Nani amemkaribisha Mhehe kwangu? Jamani, fungeni mbwa wenu, huyu hajala tangu Jumatatu!"

Mwalimu akaacha kusoma. Sauti ya mjane ilikuwa imetetemeka katikati, na kila mtu alisikia. Kule ukutani, alikokaa na waombolezaji wengine, Kefa akainua kichwa polepole.

"Mbwa wa Wagogo sili," akasema. "Wamekonda kama wenyewe."

Akasimama. Batuli akampelekea koti la Yahaya, na lilipomkaa mabegani tu, goti la Kefa likawa bovu. Akatoa amri, akageuka upande usio wake, akasikia jani limeanguka, akatimua mbio akimwita mama yake. Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Mwalimu aliuficha uso kwa mkono wa kanzu, mabega yakimtikisika.

Kefa akasimama mbele ya mlango, akihema. Aliposema tena haikuwa sauti ya mchezo. Ilikuwa sauti ya Yahaya ya nyumbani, ile ya chini, ya jioni baada ya chakula.

"Mhehe, siku ile kwenu, laiti ningekimbia kweli."

"Mama yake Kefa alikufa katika njaa ile," Batuli akamnong'oneza Kuluthumu. "Yahaya alimwomba radhi mwaka jana. Hukujua?"

Hakujua. Kefa akajigeuza, akakaa mahali ambapo angekaa yeye mwenyewe, akajijibu kwa sauti yake:

"Ungekimbia, mzee, mimi ningemtukana nani Dodoma hii?"

Watu wakacheka, wengine wakipangusa macho. Kuluthumu naye akacheka kwa nguvu, mkono kwenye fremu ya mlango, na kicheko kilikuwa bado mdomoni alipoanza kumlilia mume wake.