Awinja na Gurudumu la Trela

Awinja alipakia miwa Butali miaka tisa kabla ya kukanyaga mkeka wa jujitsu, na kosa lake lilitoka huko huko shambani. Yeyote aliyemkalia kifuani, Awinja alimkumbatia na kumnyanyua, kama mzigo wa miwa unaokwenda kwenye trela. Lakini mtu si miwa. Ukimnyanyua hujishikiza kwa mikono, kisha anakushukia na uzito wote. Tulimcheka sana, nami nikiwa mstari wa mbele.

Kocha Wangila, anayetufundisha katika ukumbi wa kanisa pale Amalemba, hakumpa mbinu mpya. "Mama Mitchel, wewe unanyanyuanga tu," alimwambia Awinja, akimwita kwa jina la mwanawe. "Trela ikianguka kwa barabara, huwa imenyanyuliwa na nani?"

Awinja akafikiri. "Hakuna. Gurudumu ya upande moja inaingia kwa shimo, mzigo inajimalizia."

"Basi shika hiyo. Zingine utajitafutia."

Akajitafutia. Miezi saba sisi tulikusanya mbinu kwenye simu kama watu wanaookota mapera. Yeye kila akikamatwa aliuliza swali moja: huyu anajishikiza wapi? Kusema kweli aliniudhi.

Ndipo likaja darasa la akina mama, na Awinja alitaka kulifundisha kuliko kitu chochote. Wanawake kumi na mmoja wa Lurambi walishajiandikisha. Kipruto, mwenzetu wa mazoezi, bawabu wa kilo tisini na tano, alipinga wazi: "Hata majina ya mbinu hajui!" Kocha akakata shauri. Kipruto amkalie, Awinja akitoka chini ndani ya dakika tatu, darasa ni lake.

Dakika ya kwanza akanyanyua. Mazoea hayo! Ya pili akanyanyua tena, nami nikaumia moyoni, maana kufikia hapo nilikuwa upande wake. Kisha akatulia tuli. Kipruto akadhani amechoka, akanyoosha mkono kuikamata kola. Awinja akaukumbatia ule mkono kifuani, akauzuia mguu wa upande uo huo kwa wake, akainua kiuno na kugeukia huko. Kipruto alitafuta pa kujishikiza, hakupata. Akabingirika chali, Awinja juu yake.

Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

"Hiyo inaitwanga aje?" Kipruto aliuliza, angali chali.

"Sijui," Awinja akamjibu. "Kuja Jumamosi, utatafutia wamama jina. Mimi nitawafundisha."