Pazia la Mwaitu na Vichwa Vinavyoelea

Enzi zetu kule Nuu, mtoto hakuchagua nguo. Mama, au Mwaitu kama tunavyomwita Wakamba, alipata jora zima la kitambaa, akavisha madirisha kwanza. Kilichobaki kikawa shati langu, shati la kaka yangu Kioko na gauni la dada yetu Mwende. Kitambaa chetu kilikuwa na maua ya rangi ya chungwa, makubwa kama sahani. Tukisimama karibu na dirisha, wageni walitusalimu kwa kubahatisha.

Nakumbuka mpigapicha alipokuja kwa baiskeli kutoka Mwingi. Tulipakwa mafuta ya kupikia tukang'aa kama maandazi, tukapangwa mbele ya pazia. Baba alivaa koti la kuazima, Mwaitu gauni lake jeupe la kanisani. "Msipumue!" akaamuru mpigapicha, nasi tukatii. Ndiyo picha pekee tuliyo nayo pamoja na baba. Hakuishi kupigwa nyingine.

Majuzi Mwende aliandaa ibada ya shukrani kwa ajili ya Mwaitu, na akataka bango lenye familia yetu juu ya mawingu ya samawati.

"Profesa," akanichokoza kwa simu, "si wewe ndiye ulienda chuo kikuu? Toa hiyo nyuma ya picha. Jamaa wa mabango anaitaka kesho."

Nilipakua programu ya bure kwenye kompyuta. Ina kifimbo: ukigusa rangi moja, kila kinachofanana nayo kinafutika, panabaki vimiraba kama ubao wa drafti. Niligusa pazia kwa madaha ya msomi. Pazia likatoweka, nasi tukatoweka nalo. Baba na Mwaitu walibaki wazima, lakini sisi watoto tukawa vichwa juu na miguu chini, kama watu walionyakuliwa nusu. Nikamtumia Mwende.

"Wewe! Mwaitu akiona hii atazirai. Tumbo langu liko wapi?"

Ikabidi nikate kwa mkono, nikifuata kingo zetu polepole. Lakini Kioko aliishia wapi, na dirisha lilianzia wapi? Macho hayakunisaidia, nikalazimika kukumbuka. Kioko aliegemea kushoto kwa sababu kiatu kilimbana. Mwende alishika shati langu kwa nyuma nisitoroke. Nilipomaliza, nikampelekea Mwaitu aidhinishe.

Aliisogeza picha karibu na macho. "Kioko alipata nundu lini?"

"Ni kipanya kiliteleza, Mwaitu."

"Na pazia langu liko wapi?"

"Nimelitoa ili tukae mawinguni."

"Mawinguni nitaenda siku yangu ikifika. Mwaka ule ndengu zilikubali shambani, tukauza, baba yako akaingia dukani mwenyewe akanichagulia kitambaa hicho. Hakuwahi kunichagulia kingine. Rudisha."

Nikarudisha. Bango likatundikwa kanisani na maua yote ya chungwa, na Mwaitu akaketi chini yake akitabasamu, amemgeukia baba pale pichani.

Siku hizi watoto wetu hufuta kilicho nyuma yao kwa kidole kimoja, wakajiweka Dubai kabla chai haijachemka. Siwalaumu, hata mimi nilijaribu. Sisi kilichokuwa nyuma yetu tulikivaa. Tulikivaa kanisani, tukakivaa sokoni, na kilipochakaa Mwaitu akakikata, akashona foronya, tukakilalia.