Moshi wa Nepi

Mimi si mtu wa kuogopa moto. Nilianza kupika juu ya mafiga nikiwa na miaka sita, na nyumba yetu kule Kivu Kusini niliiona ikiteketea kwa macho yangu haya haya. Lakini tangu mwaka ule wa nepi, moshi ukipanda upande wowote wa Kashojwa, kijiji chetu hapa kwenye kambi ya wakimbizi, kwanza nasikiliza kama kuna mtoto anayelia.

Akina mama wa kanisa moja mjini Mbarara walikuwa wameanza kukusanya nepi kwa ajili ya watoto wa kambini. Zilikuwa nepi za dukani, za kuvaa na kutupa. Pakiti nyingine zimepasuka, saizi zimechanganyika. Wakatafuta mtu wa kuzigawa, wakaniangukia mimi, kwa sababu mimi ni fundi cherehani, kila mtu anaujua mlango wangu, na mdomo ninao. Kila mwezi nilikwenda Mbarara nikarudi na magunia mawili. Huku wanawake walikuwa wakiwafunga watoto vipande vya kitenge kikuukuu, na juu yake mfuko wa nailoni. Siku walipopata nepi nyeupe, kavu, walizishika kwa ncha za vidole. Nilifurahi sana, na sijutii furaha ile.

Shida ilikuwa nepi zilizotumika. Mbwa walizikokota hadi barabarani. Mwenyekiti wa kijiji akaja kuniambia: zichomwe, au ugawaji uishe. Nikachimba shimo nyuma ya choo, nikawaambia wanawake waniletee za zamani, nami nitazichoma kila Jumanne. Mmoja wao, mkongwe kuliko mimi, akasema taratibu, "Mama, pampasi ya mutoto haichomwe. Mukiichoma, mutoto anaungua matako."

Nikacheka. "Kama ni vile, miye ningekuwa majivu tangu siku nguo zangu ziliungua na nyumba," nikamjibu, na wengine wakacheka pia, ila si wote.

Nilijua anachokisema. Hata mama yangu mzazi hakuruhusu uchafu wa mtoto mchanga utupwe ovyo, sembuse kutiwa moto, aliuzika. Lakini nilikuwa nimeokoka, nimesoma hadi darasa la sita, na sikupenda kufundishwa kazi yangu mbele ya watu.

Katika wanawake wale alikuwepo mkwe wangu, mke wa mwanangu, amembeba mjukuu wangu mgongoni. Ni Mrundi, Mkatoliki, binti mpole kupita kiasi. Mwanangu alikuwa akishinda Kikagate mpakani kwa biashara zake, hivyo nyumbani tulibaki watatu: mimi, yeye na mtoto. Kwao kama kwetu, mkwe habishani na mama mkwe. Hakusema neno. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema, lakini siku hiyo mimi nilikiona kimya chake kuwa ni heshima.

Jumanne ya kwanza niliwasha moto asubuhi, jua limeshapanda. Moshi wa nepi si kama moshi wa kuni. Ulikuwa mzito, haukutaka kwenda juu. Ulilala chini, ukapita kando ya choo, ukaelekea nyumbani. Ndani ya shimo kitu kilikuwa kikichemka polepole. Ndipo mjukuu wangu akalia. Kilikuwa kilio kimoja chembamba, kirefu, kisha kikakatika.

Jumanne ya pili ikawa vile vile. Nikajiambia ni moshi umemwingia puani. Ya tatu nikangoja upepo uelekee upande wa pili, mbali na nyumba. Nilichungulia ndani, nikamwona mtoto amelala na mama yake yuko karibu naye. Nikarudi shimoni, nikawasha kiberiti. Moto ulipokwisha kushika na moshi kusimama juu ya paa la choo, kilio kikaja. Nikasimama pale na kijiti kikiniunguza kidole. Niliogopa, na mimi nikiogopa huwa nakasirika. Nikazitupia motoni zote zilizobaki.

Baada ya hapo wanawake wakaanza kuniletea nepi chache, kisha chache zaidi. Asubuhi moja nikienda kuteka maji, niliona kati ya maharage nyuma ya nyumba ya jirani kituta kidogo cha udongo mbichi, urefu wa mkono kutoka kiwiko. Mbele kidogo kulikuwa na vingine vitatu. Nilipoanza kutazama, nikaviona kila nyumba yenye mtoto mchanga, vingine vimewekewa jiwe juu. Mimi nimezika watoto wawili njiani tulipokimbia. Mtu aliyewahi kuchimba shimo la kipimo kile halisahau umbo lake. Niliketi juu ya dumu langu katikati ya njia.

Kisha nikafukua kimoja kwa mkono. Ndani mlikuwa na nepi iliyokunjwa vizuri. Kumbe walikuwa wakinificha. Nikacheka peke yangu, na kicheko kile hakikunipendeza hata mimi mwenyewe.

Kwangu hakukuwa na kituta. Kila alfajiri nilifagia uwanja na kuzunguka nyuma ya jiko, na udongo ulikuwa mgumu vile vile. Hilo lilinipa kiburi. Mkwe wangu alinitii. Alinipa nepi mkononi, moja leo, nyingine baada ya siku mbili. Nikawatangazia watu kwamba mtoto wetu hachafui sana.

Halafu mtoto akaacha kunyonya vizuri. Nikitaka kumpakata, mkwe alisema, "Amelala, Mama." Siku ya nne alikuwa wa moto hata kupitia kitenge alichofungiwa. Kituo cha afya cha kambini hawakukaa naye hata saa moja. Wakatupandisha gari la wagonjwa kwenda Mbarara.

Nesi aliyetupokea alikuwa mama mtu mzima. Kiswahili chake alikipata kambi ya jeshi alikokuwa akiishi na mumewe. Akamlaza mtoto, akafungua nepi. Ilikuwa imevimba, nzito, na ilipobanduka ilitoka na ngozi. Matako ya mjukuu wangu yalikuwa mekundu, yamechubuka, mahali pengine yana malengelenge. Nami nimepika maisha yangu yote. Ngozi iliyoguswa na moto naijua. Kitenge changu kilikuwa bado kinanuka moshi wa Jumanne.

"Ni mimi nimemuchoma," nikasema.

Nesi akanitazama. "Moto gani, mama? Hii hapana moto." Akamgeukia mkwe wangu. "Wewe, hii nepi ulimuvalisha lini?"

"Juzi," akasema.

"Nepi zilikwisha?"

"Ziko. Ziko mingi."

"Sasa kwa nini haubadilishi?"

Mkwe wangu aliangalia sakafu. "Nikimutoa pampasi, Mama anaichoma."

Hapo ndipo nilipoelewa, na nilitamani nisingeelewa. Hakuweza kuninyima nepi, maana mimi ni mama mkwe. Kuzika hakuweza, maana nilifagia kila pembe. Njia iliyobaki ilikuwa kumwacha mtoto na ile ile, kwa sababu nepi ambayo haijavuliwa haiwezi kuchomwa. Nesi akamuuliza mtoto hulia wakati gani, nikataka kuziba masikio. "Nikiona moshi, ninamukaza pampasi na mikono mbili," alisema, "ili moto isimufikie." Kila Jumanne alikuwa akikandamiza ile nepi juu ya kidonda, kwa mapenzi.

Nesi alituambia uchafu umeingia kwenye damu, na kwamba tungoje. Siku mbili mtoto hakufumbua macho. Wauguzi walimwekea dawa kwenye mshipa wa kichwa, mimi na mkwe tukakaa pande mbili za kitanda kimoja. Niliomba. Sikumwomba Mungu anithibitishie kwamba wanawake wa Kashojwa ni wajinga. Nilimwomba asimhesabie mtoto zile Jumanne zangu.

Siku ya tatu alitafuta ziwa la mama yake.

Tuliporudi, nilifukia lile shimo na kutoa kipande cha shamba langu la maharage. Nikamwambia mwenyekiti kuwa nepi zitazikwa kwa kina ambacho mbwa hafiki, na kama hataki aje azichome yeye. Jioni ile mkwe wangu aliniletea ya kwanza, imekunjwa, kwa mikono miwili. Nilichimba, akasimama kunitazama mpaka udongo ulipofunika. "Unisamehe, mwanangu," nikamwambia. Akasema, "Ilishapita, Mama." Siku hizi mtoto habaki na nepi moja zaidi ya saa chache, na ngozi yake ni laini.

Kwa hiyo kila jambo lilipata maelezo yake. Mwenyewe nawaeleza wanawake wapya: ni unyevu, ni uchafu, mwogeshe kwa maji safi, badilisha mapema. Nawaambia kilio kile kilitokana na mikono iliyokaza nepi.

Juma lililopita nilikaa na mtoto kibarazani. Mama yake alikuwa amekwenda bombani. Mtoto alikuwa uchi juu ya mkeka, anaota jua, anachezea futi yangu ya kupimia nguo. Hakuna aliyemgusa. Ghafla akaitupa futi na kulia kilio kile, chembamba, kirefu.

Niliinua kichwa. Ng'ambo ya maharage, nyuma ya nyumba ya familia iliyofika mwezi huo, moshi ulikuwa umesimama. Ulikuwa mzito, haukutaka kwenda juu. Pengine walikuwa wakichoma magugu tu. Maneno ya nesi nayajua yote kwa moyo. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikanyakua ndoo ya maji ya kufulia, nikaanza kukimbia na umri wangu huu.

Njiani nikakutana na mkwe wangu anarudi, dumu limejaa kichwani. Alitazama moshi, akageuka na maji yake, akatangulia.