Njia Ipitayo kwa Godi Trummer

Goti la kulia la Margrit Wäfler lilikuwa limeshagoma kazi, na Jumatatu madaktari wa hospitali ya bondeni wangelitoa ili waweke la chuma. Hata hivyo Jumamosi ile ya Septemba aliamka mchangamfu. Akajipaka dawa ya misuli hadi jiko zima likanuka, akafunga kamba za viatu vyake vya mlimani, akashuka mpaka kwenye hodhi la maji mbele ya kanisa kuwapokea wageni. Huenda wangekuwa wageni wake wa mwisho. Magoti ya chuma hayana ahadi.

Kazi yake ilikuwa kuwatembeza watu kijijini Lauenegg kwa miguu: kanisa lenye mnara wa mbao, nyumba kuukuu zilizochongwa majina ya waliozijenga, ghala la jibini, daraja lenye paa, na mwisho maporomoko. Aliianza baada ya mumewe kufariki, na aliishukuru kazi hiyo bila kuona haya, maana ilimwondoa kwenye kiti cha dirishani alichokuwa ameanza kukizoea vibaya. Aliwashukuru wageni pia, hata wale wanaouliza kama ng'ombe wanavuliwa kengele wakienda kulala.

Lakini kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakuwahi kumshukuru, na hakutaka kulala kwenye kitanda cha hospitali jambo hilo likiwa bado limemkaa kooni.

Njia ya kwenda maporomokoni hupita katikati ya malisho ya Godi Trummer. Ni malisho yake, na angeweza kuifunga siku yoyote aliyotaka. Hakuifunga. Basi si angeenda tu kumwambia asante? Haikuwa rahisi hivyo, na tatizo lenyewe lilikuwa neno moja.

Watu wa milima ya Bern, mtu waliyekua naye humwambia wewe. Mtu wa heshima, au wasiyemzoea, humwambia ninyi, hata awe amesimama peke yake kama kigingi. Kutoka ninyi kuja wewe ni sherehe ndogo: aliye mkubwa ndiye mwenye ruhusa ya kuanza, mnapeana mkono, mnagonganisha glasi. Kurudi kutoka wewe kwenda ninyi hakuna sherehe. Ni kufungiwa mlango usoni.

Margrit na Godi walikaa dawati moja shuleni, kwa hiyo tangu zamani walikuwa wewe na wewe. Halafu mwaka mmoja mgeni wa Margrit aliacha lango wazi, mtamba wa Godi akatoka, akateleza korongoni na kuvunjika mguu. Ikabidi achinjwe. Kwenye mkutano wa kijiji Margrit, badala ya kusema pole, akasema komeo la lango lilikuwa bovu. Godi akasimama, akafunga vifungo vya koti lake, akamtazama.

"Bi Wäfler," alisema, "ninyi shughulikieni wageni wenu. Komeo langu niachieni mimi."

Hata mwenyekiti, ambaye hajawahi kuishiwa maneno, aliinamia karatasi zake.

Kesho yake Margrit alipanda akijua atakuta mnyororo langoni. Alikuta komeo jipya, limepakwa mafuta, linafunguka kwa kidole kimoja. Na tangu hapo kila majira ya kiangazi kingo za njia zilifyekwa, kila theluji ilipoyeyuka ngazi za magogo zilitengenezwa. Mwaka huu, goti lilipoanza kumsumbua, ilitokea mbao ya kushikilia kwenye ule mteremko mkali. Ilikuwa upande wa kulia. Upande wa goti bovu. Margrit alipoishika mara ya kwanza alilia kidogo, akawaambia wageni ni upepo.

Sasa amshukuru vipi? Akimwambia ninyi, shukrani ingekuwa baridi kuliko kunyamaza. Akimwambia wewe, atakuwa amevunja mlango alioufunga Godi mwenyewe, na Godi ndiye aliyekuwa mkubwa. Kwa hiyo kwa miaka yote hiyo walizungumza bila wewe wala ninyi, kama watu wanaosoma taarifa ya hali ya hewa.

Jumamosi hiyo Godi alikuwa karibu na lango, anakusanya majani makavu kwa reki. Nyuma yake ng'ombe mmoja mzee, Tulpe, alikuwa anacheua bila haraka.

"Majani yamekauka vizuri," Margrit alisema.

"Yamekauka."

"Na mvua haikunyesha."

"Haikunyesha."

Wakapita. Bi Iselin, mgeni kutoka Basel, mama mwenye kofia kubwa na masikio makubwa zaidi, alimsogelea Margrit na kumnong'oneza. "Bi Wäfler, samahani, mmegombana na bwana yule?"

"Hapana, tunaheshimiana."

"Maskini," Bi Iselin alisema.

Maporomokoni wageni walilowa, wakacheka, wakapigana picha. Margrit alikaa kwenye jiwe akala mkate wake na jibini, akayatazama maji. Alijiona mwenye bahati. Wangapi hulipwa kwa kuonyesha wanachokipenda? Kisha akamkumbuka Godi, akaurudisha mkate uliobaki mfukoni.

Walipokuwa wanashuka, goti lilianza kuwaka moto. Aliishika ile mbao kwa mikono miwili, akateremka upande upande, hatua kwa hatua. Alipofika langoni aliwaambia wageni watangulie hadi darajani, atawafuata. Bi Iselin alitaka kubaki, lakini Margrit alimtazama kwa namna ambayo hata kofia ilielewa.

Godi hakuinua kichwa.

"Njia inatunzwa vizuri," Margrit alisema.

"Hutunzwa."

Reki iliendelea. Hapo Margrit akajichokea mwenyewe. Jumatatu watanikata mguu na kuushona tena, aliwaza, na mimi hapa nazungumzia njia kana kwamba inajifyeka. Akachagua lile neno la baridi, ninyi, maana ndilo pekee alilokuwa na haki nalo.

"Asanteni, Bwana Trummer," alisema kwa sauti. "Asanteni kwa njia. Kwa komeo. Na kwa ile mbao."

Reki ilisimama. Godi alitazama kulia. Akatazama kushoto. Akageuka nyuma, akamwangalia ng'ombe kwa muda mrefu.

"Asanteni?" aliuliza. "Mimi na nani? Na Tulpe?"

Margrit aliishika nguzo ya lango.

"Tulpe hajawahi kushika nyundo," Godi alisema. Alikuwa mwekundu hadi shingoni. "Mimi naona niko peke yangu hapa, Margrit."

Ilimchukua Margrit muda kidogo kuelewa alichopewa: lile wewe la zamani. Kisha akamwendea akichechemea, akanyoosha mkono, na Godi akaiweka reki chini, akaufuta wa kwake kwenye suruali kabla ya kuupokea.

"Asante, Godi," alisema. Neno lilikuwa jepesi mno, alishangaa lilivyokuwa zito miaka yote ile. "Na pole kwa mtamba wako. Siku ile ndiyo nilipaswa kusema pole."

"Komeo lilikuwa bovu," Godi alisema.

"Nini?"

"Lilikuwa bovu. Marehemu mke wangu alinisumbua wiki nzima nilitengeneze." Akakohoa. "Lakini hayo si ya kuambiwa mtu mbele ya mkutano."

Margrit alicheka huku machozi yakimshuka, na safari hii hakusingizia upepo. Kutoka darajani Bi Iselin alikuwa anapunga kofia. Godi aliinama akaokota reki, akaanza tena kazi.

"Jumatatu nani anakupeleka?" aliuliza akiwa amempa mgongo.

"Nitapanda basi la posta."

"Basi la posta! Na mguu huo! Nitakupeleka mimi."

"Kwa lile gari lako linalonuka samadi?"

"Hilo hilo," Godi alisema. "Utafungua dirisha."