Kiti cha Bibi Chenye Matege

Mwaka jana nilikuwa safarini kwenda kwetu Kishapu, kwenye harusi ya mjukuu wa dada yangu, basi letu likapata pancha. Tukashuka wote. Ng'ambo ya barabara palikuwa na fundi seremala akipiga randa ubao wa mninga, na upepo ukaniletea ile harufu yake, tamu kidogo, kali kidogo, kama asali iliyounguzwa. Nikavuka, nikasimama karibu naye bila hata kusalimia, mpaka dereva akaanza kupiga honi. Mwenzangu, wewe ukisikia harufu ya mninga labda unakumbuka kabati au kitanda cha harusi. Mimi hunirudisha uani kwa bibi, mwaka ule babu aliporudi kutoka machimboni Geita.

Nilikuwa na miaka kama minane, na huyo bibi ndiye aliyenilea tangu nilipoacha kunyonya. Kaya yetu ilizungukwa na ua wa minyaa, na ndani yake kulikuwa na zizi, ghala la mtama, na jiwe kubwa bapa tulipoanikia michembe, vile vipande vya viazi vitamu. Bibi alikuwa mtu wa kuongea. Aliongea akimenya karanga, akichambua choroko, akisukasuka maziwa kwenye kibuyu, na maneno yake yalikuwa yanakwenda sawa na mikono. Jirani yetu, mwanamke mnene mcheshi aliyeishi upande wa pili wa minyaa, alikuwa akimjibu huko huko aliko bila kuacha kazi yake.

Kisha mvua za masika zikaja, udongo wetu mweusi ukawa kama sabuni, na bibi akateleza kisimani akiwa na mtungi kichwani. Aliangukia nyonga. Mganga wa mifupa alikuja na dawa zake akamkanda, na baada ya miezi mitatu bibi aliweza kusimama kwa kushika ukuta. Lakini kukaa kulimshinda. Hakuweza kujishusha kwenye mkeka wala kwenye kigoda, na ukimshusha, hakuweza kuinuka mpaka ainuliwe na watu wawili huku akilia kwa maumivu. Kwa hiyo ilikuwa ama asimame ama alale. Akachagua kulala. Na alipolala aliacha kuongea. Nilikuwa nampelekea ugali na nsansa, mboga ya majani makavu ya kunde iliyoungwa karanga, chakula alichokipenda kuliko vyote, na jioni naukuta umekauka pembeni ya kitanda.

Habari zilimfikia babu kupitia madereva wa malori ya pamba. Alikuwa amekaa Geita miaka kumi na miwili, kazi yake kuweka magogo ndani ya mashimo ili udongo usiwaporomokee wachimbaji, na nyumbani tulimwona mara moja kwa mwaka, wakati wa kuvuna karanga. Safari hii alishuka na sanduku la zana, mbao tatu za mninga, na sikio moja lililozibwa na mshindo wa baruti. Aliingia moja kwa moja chumbani akamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka mayu," kama mtu aliyetoka kuchunga asubuhi ile. Bibi aliitikia salamu, kisha akageukia ukutani.

Kule Geita, babu alikuwa ametumwa siku moja kutengeneza mlango wa nyumba ya mzungu mmoja, akaona barazani kiti ambacho hakijawahi kuonekana kwetu. Miguu yake ilikanyaga juu ya mbao mbili zilizopinda, na ukikigusa kinakwenda mbele na nyuma chenyewe. Hakuthubutu kukikalia, lakini alikitazama muda wote aliokuwa akipiga misumari. Sasa akasema atamtengenezea bibi kiti cha namna ile, kirefu cha kutosha asijishushe sana, chenye mikono ya kushikilia.

Alifanya kazi chini ya paa la ghala. Mimi nilimshikia ncha ya ubao akikata kwa msumeno, na maranda yalipojaa niliyakusanya ya kuwashia moto. Hakutumia msumari hata mmoja. Alitoboa kwa patasi na kuunganisha kwa vigingi alivyovichonga mwenyewe, anapiga, anachomoa, anakwangua, anapiga tena. Jirani alikuja kila siku kuchungulia, akauliza kama ni kiti au ni hori la ng'ombe. Babu alimgeuzia sikio bovu akaendelea.

Zile mbao mbili za chini ndizo zilizomtesa. Alizichonga kila moja peke yake, na kwa macho zilikuwa sawa. Siku ya kujaribu alikipakia kiti gunia la mtama, akakisukuma. Kikaenda mbele, kikarudi nyuma, kisha kikaanza kutembea upande kama mlevi, kikapinduka. Mtama ukamwagika ua mzima, kuku wakaja mbio. Jirani alicheka mpaka akakaa chini. Siku ya mnada, habari za mzee anayelisha kuku kwa kiti zilikuwa zimeshafika kila mahali.

Bibi alisikia yote kutoka ndani. Akaniita, akaniambia nimwambie babu yangu aache, kwamba kulala kunatosha, hataki kuchekwa pia. Nilipeleka ujumbe huo, kwenye sikio zima. Babu alifunga sanduku lake, na siku tatu hakuligusa. Alikaa tu akitazama ng'ombe.

Siku ya nne nikamwambia kitu nilichokuwa nakijua. Kule kilimani tulikookota kuni kulikuwa na mgunga wenye tawi nene lililopinda, na sisi wasichana tulikuwa tunalipanda watano kwa mpigo na kubembea. Nikamwuliza kama mti uliopinda wenyewe hauwezi kufaa. Babu akachukua kamba ya kupimia, akasema twende.

Aliliangusha tawi lile, na yeye na mume wa jirani wakalipasua kwa urefu katikati, mmoja juu ya msumeno, mmoja chini. Likatoka mapande mawili yaliyopinda sawasawa, kama mapacha. "Mti umeshapima wenyewe," babu akaniambia, na akanipa nishike pande moja nione. Alizipaka ncha zake mavi ya ng'ombe zisipasuke, akayaweka mapande kivulini yakauke. Tuliyangoja mpaka pamba ya msimu uliofuata ikaanza kufunguka shambani. Kisha akayaunga kwenye kiti, akakipaka nta ya nyuki iliyochanganywa na samli, na kwa wiki nzima kazi yangu ilikuwa kumfukuza mbwa asikirambe.

Asubuhi aliyokitoa barazani, jirani alimsaidia bibi kufika mlangoni. Bibi akasimama, mkono mmoja ukutani, akakitazama kiti. Safari hii jirani hakucheka.

"Miaka kumi na miwili nimekaa chini nakungoja," bibi akasema. "Leo unaniletea kiti."

Nilidhani babu hakusikia. Lakini alikuwa amesimama sikio zima likiwa upande wa bibi.

"Nimechelewa," akasema. "Kaa."

Bibi akakaa. Kiti kikaenda nyuma, naye akamshika babu mkono kwa nguvu. Kikarudi mbele, na hapo ndipo alipogundua jambo ambalo hata babu hakulifikiria: kikirudi mbele kinamwinua. Alikishika mikono, akakiacha kimsukume, akajikuta amesimama mwenyewe. Akakaa tena. Akasimama tena. Mara ya tatu alibaki amekaa, akaniambia nilete ungo wa karanga, kwa nini nimesimama tu.

Alikiita chenye matege, na jina likashika. Kuanzia siku ile sauti yake ikarudi uani. Babu hakurudi Geita. Aliweka kigoda chake upande unaofaa sikio lake, na bibi akamweleza habari za miaka kumi na miwili, mwaka baada ya mwaka, nani alizaliwa, ng'ombe yupi alikufa, mvua ipi iligoma.

Mwaka uliofuata jirani alijifungua mapacha na mgongo ukamuuma vibaya. Alikuja akasalimia salamu ndefu zisizo na mwisho mpaka bibi akamwambia achukue kiti, aache kuzunguka. Baada ya huyo wakaja wengine. Kila mzazi aliyeumwa mgongo alikiazima. Kilisafiri kichwani, kilisafiri kwenye mkokoteni wa ng'ombe, kikarudi na harufu ya moshi wa nyumba nyingine, na babu akakaza vigingi. Bibi wakati huo alikuwa anatembea kwa fimbo na kukaa popote palipoinuka kidogo.

Siku ile ya harusi nilitembea mpaka mahali kaya yetu ilipokuwa. Pamelimwa pamba. Minyaa imeng'olewa, kilima hakina mgunga hata mmoja, na sikumpata mtu wa kunionyesha jiwe la michembe lilipokuwa. Bibi na babu wamelala hapo karibu, na nilikaa nao kidogo. Sikuwa na huzuni, nakwambia kweli. Nilicheka peke yangu, kwa sababu nilikumbuka mwaka ambao kiti hakikurudi. Kilikuwa kimeazimwa na mtu aliyemwazimisha mwingine, huko mbali, na hakuna aliyejua tena kiko kwa nani. Babu alikuja kutoka zizini, akakikosa barazani, akamwuliza bibi kiti kiko wapi.

"Kipo," bibi akamjibu, akiendelea kumenya karanga. "Kuna mtu amekikalia."