Bwawa Lisilokaa na Maji

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, hapa hapa Mlali, nilipopigiwa vigelegele kwa kosa. Mwanangu, usinione nimekaa barazani peke yangu ukadhani nilizaliwa bibi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mdomo mwepesi, daftari la kikundi kwapani, nikijiona nimemaliza yote.

Kikundi chenyewe kilikuwa cha sisi wenye visima vya kumwagilia nyanya na kabichi. Visima vilianza kuchoka. Kila kiangazi kamba ya ndoo inaongezwa urefu. Bwana shamba akatushauri tuchimbe bwawa kule juu penye mchanga, ili maji ya masika yanayoshuka mlimani kwa fujo yatulie, yazame polepole ardhini, yaje kutukuta huku chini visimani. Eneo alilitoa Mama Mkubwa, dada wa marehemu mama yangu, yeye ndiye aliyenilea. Sisi Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, na kipande kile neno lake ndilo lilikuwa la mwisho. Fedha tulitoa wenyewe: ukiuza tenga la nyanya, unaweka kidogo kwenye mfuko wa bwawa. Haba na haba hujaza kibaba. Mweka hazina nilikuwa mimi.

Masika yakalijaza, tukafurahi, na kabla ya mwezi wa saba likakauka kabisa. Basi vijiwe vikapata habari. Nikienda gulioni, nikienda dukani, ni hilo hilo: "Bwawa la kina Asha linavuja!" Tulikuwa na fedha za kuwalipa vibarua wakwangue tope lililoganda chini, maana tope likibaki maji hayazami. Mama Mkubwa alinikumbusha mara mbili. Lakini nilikuwa nimechoka kuchekwa, mwanangu, na nilitaka kitu ambacho watu wangekiona.

Nikawashawishi wenzangu. Badala ya kukwangua tope, tukakodi trekta, tukaleta udongo wa mfinyanzi tela kwa tela, tukaushindilia chini ya bwawa lote. Mama Mkubwa akaja na jembe lake begani, akasimama ukingoni.

"Asha, bwawa hili hatukulichimba likae na maji. Tulilichimba liyapitishe."

"Mama Mkubwa, watu wanatucheka."

"Waache wacheke. Kisima changu ndicho cha kwanza hapo chini. Ukiziba hapa, umenikausha mimi."

Nilimpa kisogo, nikamwambia dereva amwage tela lingine. Sikio la kufa halisikii dawa.

Masika yaliyofuata bwawa lilijaa, likabaki limejaa. Bata wakaogelea, ng'ombe wakanywa, wageni wakaja kupiga picha. Mwezi wa nane tukafanya sherehe, nikapigiwa vile vigelegele nilivyokutajia. Mama Mkubwa hakuja. Alikuwa kisimani kwake, anapandisha ndoo yenye tope.

Kisima chake kilikauka kwanza, nyanya zikiwa zimeshazaa. Vikafuata vingine. Tukakimbilia bwawani na mashine ya kuvuta maji. Mengi jua lilikuwa limeshayanywa, yaliyobaki hayakumaliza wiki mbili. Hakuna aliyenigombeza, na mpaka leo natamani wangenigombeza. Waliacha tu kuleta mchango, kisha wakaacha kubisha hodi kwangu. Mama Mkubwa alifunga mizigo yake akaenda Dumila kwa mwanawe, aliyekuwa na genge pale njia panda. Aliniambia, "Baki salama, Asha," basi.

Nililia, kisha nikachukua jembe na karai. Ule mfinyanzi ulioshindiliwa na trekta niliutoa peke yangu, asubuhi na jioni, mpaka vuli ikanikuta humo shimoni. Watu walipita, wakanisalimu, wakaenda zao. Kazi niliiweza. Ule upweke wa kusikia jembe moja tu ndio ulionivunja mgongo.

Masika yakaja, maji yakatuama, yakazama. Siku nilipoteremsha ndoo kisimani kwa Mama Mkubwa nikasikia imegonga maji, nilijaza dumu la lita tano nikapanda basi hadi Dumila. Nilimkuta gengeni anapanga vitunguu. Nikamwamkia, nikammiminia kikombe. Alikunywa chote.

"Ndiyo yenyewe," akasema.

"Turudi nyumbani, Mama Mkubwa. Nisamehe."

"Nimekusamehe zamani. Lakini kuanza shamba upya siwezi, mwanangu. Nguvu zimekwisha." Akafungua fundo la kanga, akanipa noti zilizokunjwa. "Weka kwenye mfuko wa bwawa. Za kukwangua tope."

"Lakini wewe huna tena unachomwagilia."

"Najua. Weka."

Kila mwaka alituma, kwa mkono wa yeyote aliyekuwa anakuja huku, mpaka alipofariki. Wenzangu waliposikia nani anachanga akiwa Dumila, wakaona haya, wakarudi mmoja mmoja kwenye mfuko. Barazani kwangu hawakurudi sana. Siwalaumu.

Sasa wewe juzi uliniuliza, kwa nini uchangie shimo ambalo mwezi wa saba halina hata tone. Nimekueleza, mwanangu. Changia. Likikauka, ujue bwawa limefanya kazi yake, chukua jembe ukakwangue tope. Ukipewa fedha za watu, usizitumie kufuta aibu yako. Kabla hujaziba wala kuzibua, shuka kwanza ukamuulize mwenye kisima cha chini. Na ukimkosea mtu, tengeneza angali anaweza kurudi, maana majuto ni mjukuu, na huyu mjukuu mimi naishi naye.

Kisima cha Mama Mkubwa kina maji mpaka leo. Kila asubuhi nachota, najaza dumu lile lile, halafu nakumbuka sina wa kumpelekea.

Nenda, mwanangu. Mungu akujalie mvua ya kiasi na ardhi inayoipokea, na siku kisima chako kitakapojaa, akukutanishe na mtu wa kumchotea.